Maua Yaliyokaushwa Juu ya Kitanda Changu

Mgonjwa wa pumu hawezi kulala chali, hawezi kucheka mpaka mwisho wa kicheko, na hawezi kupiga kelele akidhulumiwa. Hilo la mwisho ndilo lililonichelewesha. Sasa pumzi ninayo, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo sikuweza kuitoa nilipokuwa msichana. Kama una mtoto ambaye kifua chake hupiga mluzi akivuta hewa, kaa nami mpaka mwisho. Majina makubwa ya dawa siyajui. Nitaeleza niliyoyaona, kwa mpangilio nilioyaona.

Jina langu ni Kerubo. Wazazi wangu walitoka Nyamache, wakapata kipande cha ardhi Nyansiongo wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Nilikuwa bado napoteza meno ya utotoni tulipohamia. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa maneno machache na kofia moja. Alipanda mahindi, akafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na sehemu iliyobaki yote akaijaza pareto.

Asiyeijua pareto akiiona shambani huipenda. Ni maua meupe yenye moyo wa manjano, mlima mzima ukionekana kama umemwagiwa maziwa. Huchumwa na wanawake na watoto, ua kwa ua, kisha hukaushwa na kupelekwa ghala la chama cha ushirika, na kutoka huko husafirishwa yakatengenezwe dawa ya kuua wadudu. Maua mabichi hayanunuliwi. Yakiwa na unyevu kidogo tu karani huyarudisha, na umeyabeba bure. Bwana shamba alikuja mara moja akatufundisha kuyaanika juani. Nadhani alikuja mwezi wa kiangazi. Nyansiongo ninayoijua mimi, masika mvua huja kila alasiri bila kukosa, na jua la asubuhi halitoshi kukausha hata soksi.

Kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu wote walifanya jambo lililoonekana la akili: waliyaingiza maua ndani. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya udongo, yenye vyumba viwili. Kimoja cha wazazi. Kingine kilikuwa na jiko la mafiga matatu, na juu ya moto palikuwa na uchaga wa fito, tunaouita irongo, uliofika mpaka ukutani. Zamani uchaga huo ulikuwa wa mahindi na wimbi. Masika ukawa wa pareto. Chini yake, upande wa ukuta, palikuwa na kitanda nilicholalia na wadogo zangu wawili. Mama alipopanda kigodani kuyageuza maua kwa mkono, vumbi jembamba la manjano lilishuka polepole juu ya blanketi. Tulilikung'uta, tukalala.

Mara ya kwanza kubanwa nilikuwa kanisani, Sabato asubuhi, katikati ya wimbo. Nilivuta hewa ya ubeti wa pili, ikaingia kidogo, ikagoma kutoka. Wenzangu wakaendelea kuimba. Mimi nilishika mgongo wa benchi la mbele na kusikia kifuani mwangu sauti ya paka aliyefungiwa ndani ya debe. Nilikuwa darasa la sita.

Baada ya hapo kila aliyeingia nyumbani kwetu alikuwa na maelezo. Jirani alisema ni baridi ya Nyansiongo, nivalishwe sweta mbili. Rafiki wa baba alisema ardhi ya Mzungu ina vinyongo vyake. Nyanya yangu alipanda kutoka Nyamache kwa miguu, akanitazama, akasema nimetazamwa vibaya na mtu. Baba alipokwenda kwenye mkutano wa kanisa, nyanya alinichanja chale tano kifuani na kupaka jivu. Alama zipo mpaka leo. Mwalimu wangu wa darasa alisema naogopa jembe. Wote hao walikaa chini ya uchaga ule, wakanywa uji pale pale, vumbi likiwaangukia vikombeni, wakanishauri. Hakuna aliyeinua macho.

Nami nilikuwa nabadilika. Mabega yalipanda karibu na masikio kwa sababu ya kuvuta hewa kwa nguvu, na kifua kikatuna mbele kama cha kuku. Wasichana wa rika langu walianza kupata maumbo, mimi nikapata mbavu. Mama aliniogesha mwenyewe nilipokuwa nimechoka, na nilimwona akigeuza uso ili nisimwone.

Nitasema sasa habari ya mto wa kulalia, kwa sababu bila huo hutaelewa hasira yangu.

Kitanda chetu kilikuwa na viroboto na kunguni, kama vitanda vyote. Mama aliamini kwamba mtoto mgonjwa akinyonywa damu na wadudu hawezi kupona. Na dawa ya wadudu ilikuwa pale pale, juu ya vichwa vyetu! Akakusanya makombo ya pareto iliyovunjikavunjika, ambayo ghala lisingeyapokea, akayashindilia ndani ya mfuko aliokuwa ameushona kwa kitambaa cha gunia la unga. Juu yake akatarizi kwa uzi mwekundu, herufi zikipinda kidogo: LALA SALAMA. Ulikuwa mto wa kwanza katika nyumba ile. Wadogo zangu waligombana kuugusa.

"Huu ni wa Kerubo peke yake," Mama aliwaambia. "Mkipata ugonjwa mtapata mto."

Viroboto walikufa kweli. Nililaza shavu langu juu ya maneno yale kila jioni na kumshukuru Mungu kwa mama niliyepewa.

Masika ya mwaka uliofuata nilibanwa mpaka kucha zikawa za bluu. Baba alinipakia kwenye baiskeli yake, nikiwa nimefungwa mgongoni mwake kwa leso, akaiendesha mpaka barabarani, tukapata lori la maziwa hadi Kisii. Hatukubeba kitu chochote. Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu wenye subira. Nililijua benchi lile baadaye kama ninavyojua meza ya kwetu, kila fundo la mbao. Mtu wa pumu hukaa ukingoni, mikono magotini, akitazama sakafu. Nikiwa nimeinama hivyo nilijifunza viatu vya Kisii nzima.

Muuguzi mmoja aliyepita na trei aliniinamia. "Vuta hewa, binti. Hewa ya serikali hailipiwi. Unamwekea nani?"

Mama mmoja aliyekuwa karibu nasi, mwenye mguu uliovimba, akamjibu kwa niaba yangu: "Mwache. Wewe vuta yako na umletee sindano."

Huyo mama sikumwona tena. Nimeweka fadhila yake mahali pazuri.

Sindano ilinifungua. Nikapewa vidonge vidogo vyeupe vilivyonitetemesha mikono na kuukimbiza moyo, na nikaambiwa nirudi kila wiki. Nyansiongo ni mbali, kwa hiyo nilibaki kwa shangazi yangu Moraa, dada ya baba, aliyekuwa akiishi mlimani Nyanchwa na mumewe, karani wa ofisi mjini. Nyumba yao ilikuwa ya matofali. Walipikia jiko la mafuta ya taa. Nililalia mto wa sufi.

Nikapona. Sitii chumvi. Mvua ilinyesha Nyanchwa kama ilivyonyesha kwetu, baridi ilikuwa ile ile, nami nikawa napanda mlima kwenda kanisani bila kusimama. Shangazi alinitazama nikila, akacheka: "Kumbe hukuwa na ugonjwa, ulikuwa na njaa ya mjini!"

Kisha Mama akaja kunitazama. Alibeba mkungu wa ndizi kichwani, na chini ya kwapa, akiwa ameufunga kwa leso safi, mto wangu. "Uliondoka bila mto wako," alisema. "Nimekuwa nikiukumbuka tu. Nimeujaza upya." Akalala nyumba ile siku hiyo. Kulipopambazuka nilikuwa nimekaa kitandani, mikono magotini, paka amerudi ndani ya debe lake.

Waligombana sebuleni, nikiwasikia.

"Wifi, barua yako ilisema mtoto anapumua."

"Amepumua kila siku hapa mpaka ulipofika wewe."

"Ni hilo jiko lako la mafuta. Nyumba nzima inanuka kama gereji."

"Jiko langu! Ninyi mnaolala na moshi wa kuni tangu Adamu mnaniambia jiko langu!"

"Sisi moshi wetu tunaujua."

"Basi mchukue mwanao akale huo mnaoujua."

Mama alinirudisha Nyansiongo siku ile ile, nikihema. Yeye na shangazi hawakusalimiana tena kwa muda mrefu. Kwenye harusi ya binamu yangu walikaa pande mbili za uwanja, baba katikati akijifanya anatafuta mtu. Ugonjwa wangu ulikula zaidi ya mwili wangu.

Nilifaulu mtihani wa darasa la saba. Kutoka mtaa wetu sikuwa nimesikia msichana mwingine aliyeitwa shule ya bweni. Baba alinunua sanduku la bati. Mama akaweka ndani blanketi, sabuni, sare, na juu ya vyote, ili usikunjike, mto uliojazwa maua mapya kwa heshima ya safari.

Bweni lilikuwa na vitanda vilivyobanana, na kifua changu hakikunyamaza. Wasichana waliniita Filimbi. "Filimbi, tupigie ya kulala!" "Filimbi, leo umeharibu sauti, tia mafuta!" Nilicheka nao nilipoweza, kwa sababu mtu anayelia hewa humwishia haraka. Mara mbili walinibeba kwenda zahanati. Mara ya pili, karibu na kufunga shule, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu aliyependa madirisha yafungwe.

"Kabla ya mtihani umebanwa. Kabla ya kwenda shambani umebanwa. Kifua chako kina ratiba nzuri."

"Mwalimu, hata siku za mapumziko..."

"Nisikilize. Hii ni shule. Ukibanwa tena muhula ujao utarudi kwenu na sanduku lako, na kitanda chako nitampa msichana mwenye mapafu. Wako wengi wanaongoja."

Nilimwambia asante. Hebu fikiri: nilimwambia asante, kwa sababu neno refu zaidi ya hilo lisingetoka. Nilirudi Nyansiongo nikijua kwamba nina likizo moja tu ya kupona ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Baba na Mama niliwaambia. Baba aliomba muda mrefu. Mama akaniongezea sweta.

Siku ya kupeleka pareto nilimsindikiza Mama hadi ghala la chama. Wanawake walipanga foleni na vikapu vyao vya maua makavu. Mlangoni palikuwa na mizani, na nyuma yake wanaume waliokuwa wakimimina maua kwenye magunia makubwa. Nilisimama mbali, kwa sababu vumbi lilikuwa limeanza kunikwaruza koo. Ndipo nikaona kitu ambacho bila shaka nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukitazama. Kila mwanaume mle ndani, na karani pia, alikuwa amefunga kitambaa puani na mdomoni. Vitambaa vyote vilikuwa vya aina moja, vyeupe, vyenye kamba za kufungia kisogoni. Vilikuwa vimeshonwa kwa kazi hiyo.

Zamu yetu ilipofika nilimuuliza karani, "Kwa nini mmejifunga pua?"

"Hujui? Vumbi hili likikuzoea vibaya linakufunga kifua. Mwenzetu mmoja alitolewa hapa akihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Ndiyo tukapewa hivi."

"Mlipewa na nani?"

"Na wakubwa. Nani mwingine?"

"Na sisi?"

"Ninyi kina nani?"

"Tunaoyakausha. Tunaolala nayo."

Alicheka ndani ya kitambaa chake, kikapanda na kushuka. "Nani aliwaambia mlale nayo? Si mlifundishwa kuanika juani?"

"Na mvua ikinyesha?"

"Hilo mpelekee Mungu. Mama, mwondoe huyu wakili wako hapo. Anayefuata!"

Tuliondoka. Mama alitangulia na kikapu kitupu. Mimi nilitembea nyuma nikipanga mambo moja baada ya jingine, kama vile mtu apangavyo vikombe. Nyumbani, uchaga juu ya kitanda: naumwa, na masika naumwa zaidi. Nyanchwa: hakuna pareto, nimepona. Mama anafika Nyanchwa: anafika na nini? Shuleni hakuna uchaga, lakini naumwa: nalalia nini?

Nikasimama barabarani.

"Mama. Ni pareto."

Hakugeuka. "Pareto imefanya nini?"

"Ndiyo inayonibana. Ya uchagani." Nikashindwa kusema sehemu ya pili, kisha nikaisema. "Na ya kwenye mto."

Aliendelea kutembea. Sijawahi kuona mgongo wa mtu ukisikia jambo kama nilivyouona siku ile. Alipofika langoni kwetu alisema tu, "Niliujaza upya kila muhula."

Watu wameniuliza kama nilimkasirikia. Hapana. Hasira yangu ilipita juu yake na kwenda moja kwa moja kwa waliojua. Mtu fulani aliketi mahali, akaona vumbi lile linadhuru watu, akaagiza vitambaa vishonwe, akahesabu vifua vya kukinga, akaishia mlangoni pa ghala. Nje ya mlango ule kulikuwa na kila mwanamke na kila mtoto aliyeyachuma, aliyeyageuza na aliyeyalalia maua yale. Sisi tulikuwa mikono tu. Mikono haipumui.

Baba alikuwa nyumbani. Mama alimweleza kwa maneno machache, mto ukiwa mkononi. Baba alisikiliza, akasema mto uchomwe. "Usichome!" nilipaza sauti. "Moshi wake je?" Basi ukawekwa nje ya mlango. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza. Mama akapanda kigodani, akaanza kuyavuta maua yaliyokuwa yamebaki uchagani na kuyatupa nje kwa mikono miwili.

Baba aliruka. "Mama Kerubo, umerogwa? Hayo yamekauka! Hiyo ni karo ya huyu huyu!"

"Karo ya kumsomesha nani? Wafu wana shule?"

"Ngoja kesho, tutayahamisha polepole."

"Nimengoja toka darasa la sita."

Mama akajaza kikapu ayatoe kwa wingi; Baba akakishika upande mmoja, Mama upande wa pili, wakavutana, mzee wa kanisa na mkewe, kama watoto wanaogombea mua. Kikapu kikapinduka. Vumbi lote likamwagika chumbani kama ukungu, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake.

Ninakumbuka uso wa baba. Alikuwa amenikuta nikihema mara nyingi, lakini hakuwa amewahi kuona mwanzo. Sasa aliuona: maua yameanguka, mwana anashika koo. Aliachia kikapu. Akaninyanyua, akanitoa nje kwenye mvua ile niliyokatazwa miaka yote kwa sweta mbili, akaniketisha migombani. Maji yaliniingia masikioni. Na hewa, polepole, ikaanza kupita. Tukiwa pale tulimsikia Mama ndani akiendelea, konzi kwa konzi, mpaka fito za uchaga zikawa tupu. Baba hakumzuia.

Mtamba mmoja aliuzwa, nikarudi shule. Baba alijenga banda la pareto ng'ambo ya zizi, na majirani wakacheka kwamba maua ya mzee yana nyumba yao, bado kuozwa mke. Mwaka haukuisha kabla wawili wao hawajajenga mabanda yao, maana nao walikuwa na watoto waliokohoa. Mama alinijazia mto mpya kwa majani makavu ya migomba. Ulikuwa ukichakarika nikigeuka, na wasichana wakalalamika kwa sababu nyingine. Muhula ule sikubanwa hata mara moja. Mwalimu mkuu alinipita ukumbini, akasema, "Naona uliamua kuacha mchezo." Sikumwambia asante.

Sikupona kabisa. Pumu hulala, haihami. Mpaka leo vumbi la mahindi na moshi wa majani mabichi hunikumbusha, na nina dawa mkobani. Lakini nimemaliza shule, nimefanya kazi, na nimeimba beti zote. Wewe uliye na mtoto wa namna hii, kabla hujauliza amekosa nini au ametazamwa na nani, simama pale anapolala. Tazama juu, tazama chini, nusa anacholalia. Ulizia kazi ya nyumba yenu: inatoa vumbi gani, na wanaolipwa kuishika wanajikinga vipi? Akipelekwa kwa jamaa akapumua, usiwaonee wivu. Orodhesha alichokiacha nyuma.

Mama alikwenda Nyanchwa na mkungu mwingine wa ndizi. Shangazi alifungua mlango. Mama akasema, "Wifi, jiko lako halikuwa na kosa." Shangazi akampokea ndizi, akasema, "Ingia, limewaka."

Na likizo iliyofuata tulipeleka tena pareto ghalani, maana shamba lilikuwa lile lile na hatukuwa na jingine. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipokaribia mizani Mama aliingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa alichokuwa amekichemsha na kukianika mpaka rangi ya uzi imefifia, akakifunga puani. Maneno yalikaa juu ya mdomo wake, yamepinda kidogo: LALA SALAMA.

Karani alimtazama. "Mama, leo unaogopa nini?"

"Unachoogopa wewe," Mama alisema, "tangu siku ile ulipopewa hicho chako."

Wanawake waliokuwa nyuma yetu walimtazama karani, wakamtazama Mama. Kisha yule aliyekuwa karibu akavuta pembe ya leso yake, akaipandisha mpaka machoni. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo, na mwingine, mpaka mwisho wa foleni. Karani akainamia mizani yake.